Fundo la Wavu Kwenye Waya wa Injini

Mulongwe, Uvira

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi katika jina la Bwana. Mgongo unasemaje? Na Divine, mjukuu wako, anakula sasa, au bado anamuulizia mama yake kila sahani inapowekwa? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Najua mpunga wa Kiringye umekaribia kuvunwa, na najua huna moyo hata wa kuuangalia.

Baba, tangu tumzike dada Generose sijamsalimia mumewe. Ulipoapa mbele ya watu kwamba Firmin hatakanyaga ua wako, hata siku ya kuondoa matanga, na kwamba Divine hatarudi kwake, mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia. Sote tulisema alijua gari lake ni bovu, akanyamaza, akampakia mke mwenye uchungu huku damu inamtoka, likamzimikia baada ya Nyakabere. Dada akakata roho kando ya barabara, mtoto bado tumboni, hospitali bado iko mbali.

Lori la mchele lilipolivuta gari hilo mpaka garaji yetu, niliomba nilifungue mimi. Sikufichi, nilikuwa natafuta kosa la Firmin ili nikuletee.

Buji, zile plagi za kuwashia moto, zilikuwa nyeusi, zimelowa petroli. Nikachomeka mashine ya kusomea injini, nayo ikaniambia hewa inayoingia ina digrii arobaini chini ya sifuri. Uvira hii, jua la mchana! Hata ng'ombe wa Bijombo kule milimani hawajaona baridi hiyo. Basi injini ilijimiminia petroli nyingi, kama gari la nchi ya theluji, mpaka ikazama na kukataa kuwaka tena. Nikashuku kapteri, kile kidude kinachopima joto la hewa. Nikakitoa, nikakipima kikiwa baridi, nikakichovya kwenye maji ya moto ya chai, nikapima tena. Kilifuata joto vizuri, hakikuwa na kosa. Ubovu ulikuwa kwenye kichwa cha waya wake.

Kichwa hicho kilikuwa kimefungwa kipande cha kitenge. Nilipokifungua nikakuta mawese yameganda ndani, shaba imeliwa, imekuwa kijani, habari ya joto haipiti tena. Na kitambaa kilifungwa kwa fundo la wavu, lile la kuzungusha mara mbili chini ya kidole gumba. Baba, vidole vyangu vililijua fundo hilo kabla ya macho. Nani mwingine alinifundisha, ulipokuwa bado unavua huku ziwani, kupaka mawese waya za mota ya boti ili maji yasiingie?

Nikakumbuka Pasaka. Uliiosha injini ile kwa mikono yako, unaimba, ukasema gari litakalompeleka mwanao kujifungua lisije likashikwa na kutu. Mota ya boti ilikuwa haiulizi joto la hewa, Baba. Hukujua. Nililia pale chini ya boneti mpaka wenzangu wakaacha kazi.

Nikamwendea Firmin na kile kitambaa, nikidhani nampelekea habari. Hakushtuka. Alisema alikuona siku ile, akaona haya kumkataza baba mkwe. Gari lilipoanza kutoa moshi alidhani ni petroli mbaya ya chupa. Ila pale Nyakabere, alipokuwa anapapasa waya na Generose analia nyuma yake, mkono wake ulitoka na mawese, akaelewa. Kwa hiyo alielewa pia pale kaburini, Baba, wakati unamwita muuaji, akainamisha kichwa.

Nilimwambia tuje Kiringye, nikuonyeshe kitambaa. Akakichukua mkononi mwangu, akakitupa kwenye jiko la mkaa. "Muache muzee," akasema. "Asijue. Weye unyamaze, minye nitabeba." Nilimwahidi kunyamaza, na barua hii ndiyo inayoivunja ahadi hiyo. Nisamehe, lakini Divine amekwisha kupoteza mama, asinyimwe na baba.

Siku ya kuondoa matanga nitakuja na Firmin. Hajui kwamba nimekuandikia. Tutasimama nje ya ua mpaka uje mwenyewe.

Msalimie Mama Bernardine na majirani wengine wote wanaokuletea chakula. Ule, Baba, tafadhali. Mungu akushike mkono.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Honorine