Mjomba Anataka Niandike Pombe

Mshauri mpendwa,

Sikuandikii uniambie kama nina haki, haki ninayo, ninachoomba ni msaada wa kuishi nayo nyumbani, maana mimi ni mtakwimu katika kampuni inayojaribu dawa mpya ya maumivu ya viungo, na bosi wangu ni mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenisomesha, na sasa kuna wagonjwa watatu waliomeza dawa hiyo vipimo vyao vya ini vikapanda sana na macho yakageuka manjano, na utaratibu wetu ofisini ni kumjadili kila mgonjwa peke yake, basi wa kwanza wakasema ni mlevi, wa pili anatumia mitishamba, wa tatu labda ana virusi vya homa ya ini, ingawa hakupimwa, kila mmoja akapewa sababu yake akawekwa kando, dawa ikabaki haina kosa. Mimi nikawaweka wote kwenye chati moja pamoja na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, na humo walevi wamo, wa mitishamba wamo, lakini hakuna hata mmoja aliyepata manjano. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, hakuna aliyekufa. Kwenye ripoti ya yule wa kwanza andika pombe, tusonge mbele." Nikamwambia siandiki. Sasa mama kaninunia, anasema nimemvua nguo kaka yake, na juzi mezani kaniuliza, "Maini ya watu usiowajua yanakuhusu nini wewe?" Nilimjibu vibaya. Nifanyeje, maana kuandika siandiki?

Mkaidi wa Chati

Mkaidi,

Pole. Kununiwa na mama ndani ya nyumba moja ni adhabu, sikutanii. Mwombe radhi kwa ulimi wako mkali, ila chati usiiombee radhi hata kidogo.

Nimemuuliza daktari wa ini ninayemwamini. Vipimo vikipanda na manjano ikafuata, bila sababu iliyothibitishwa, basi dawa hiyo ikimezwa na maelfu kuna watakaokufa. Watatu wanatosha kuogopesha. Mjomba anasema hakuna aliyekufa. Mnafanya majaribio ili mjue kabla hawajafa. Na huyo wa "labda ana virusi" apimwe, neno "labda" si kipimo.

Sasa nikugombeze. Umebishana na mjomba, umebishana na mama, umeniandikia mimi nisiyeweza kusimamisha hata kidonge kimoja. Kamati huru ya usalama wa wagonjwa wa jaribio lenu, yenye uwezo wa kulisimamisha, umeiandikia? Hukuitaja, kwa hiyo hujaiandikia. Ukaidi wa mezani haumsaidii mgonjwa. Mwambie mjomba ana kwa ana kwamba unaipeleka chati, makundi yote mawili, halafu ipeleke. Akikufukuza, amekufukuza. Alikulipia ada ujue hesabu, na hesabu ndiyo hii.

Wapo watu waliomeza kidonge hicho leo asubuhi baada ya chai, wakiamini kuna mtu anawaangalia. Huyo mtu ni wewe. Weka gazeti chini ukaandike.