Dola Zilizopita Njia ya Nafuu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba kakubali! Tukimlipa kabla ya Ijumaa, studio ya picha ya marehemu baba inabaki kwetu. La sivyo anampa muuza simu. Dada yangu mkubwa anatuma dola leo kutoka ughaibuni, kwa kripto, zile sarafu za mtandaoni — benki itachelewa. Nimempa anwani ya pochi yangu ya kripto. Nimefuta vumbi kaunta, nikajaribu kisu cha kukatia picha. Bado kinalia kwaa! Zamani tulikata picha za pasipoti hapa, tukagombania vipande.

Jumanne, 4 Machi
Dola hazijaingia. Dada anaapa zimetoka. Jioni ndiyo tumegundua — kachagua mtandao mwingine wa kripto wa kutumia, eti makato yake madogo! Kampuni inayotunza pochi yangu haipokei kupitia huo. Nimemfokea. Halafu nikacheka peke yangu. Ni yule yule, mama alikuwa akimtuma sokoni wauzaji wanaguna kwa alivyobana bei. Na mimi bwege nilimpa anwani, mtandao sikumtajia.

Jumatano, 5 Machi
Huduma kwa wateja wamejibu: wanaziona, hawaahidi kitu. Hata mimi naziona, kwenye daftari la wazi la mtandao dunia nzima inaziona. Zimekaa tu.
Dada kapiga, analia. Nimembembeleza. Akauliza, chumba cha giza bado kinanuka dawa? Kinanuka. Basi tukaanza kukumbuka — baba anasafisha picha, anayegonga anafokewa asifungue, mwanga utaziharibu; sisi tumejibana kwenye kona, kimya, mpaka sura ya mtu itokeze kwenye karatasi. Dada ndiye aliyekuwa akiwatambua wa kwanza. Bibi harusi! Yule mwalimu mkali! Tumeongea mpaka salio lake likaisha. Nimemkumbuka vibaya sana. Na baba pia.

Alhamisi, 6 Machi
"Tunachunguza." Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye nyumba kaja na fundi wa kupaka rangi. Hana ubaya na mimi, anasema, baba alimpiga picha ya harusi yake, lakini muuza simu keshalipa nusu. Waanze na chumba cha giza, kiwe cheupe. Nikaomba nitoe kwanza sinia za dawa.
Nimeingia. Nimefunga komeo. Nimewasha taa nyekundu — inawaka! Simu ikalia, ujumbe: ombi langu la kurudishiwa dola limefika hatua ya pili. Hatua ziko ngapi, hawasemi.
Fundi akagonga. Mdomo ukanitangulia, sauti ya baba kabisa:
"Usifungue! Nasafisha picha!"
Naandika hapa hapa, kwenye wekundu. Nje namsikia mwenye nyumba anamwambia fundi taratibu asiguse mlango, picha zitaharibika.