Sinia au Sahani

Jumatatu, 4 Mei 1998. Asubuhi manyunyu, kisha jua la kuchoma. Nguo hazikukauka.

Bi Zuhura,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe kwa mazoea, kabla sijakumbuka kuwa hakuna wa kuniitikia marahaba. Naiacha hivyo hivyo.

Tangu tukuzike, nyumba yetu ya wazee si ile uliyoiacha. Jiko limefungwa, wapishi wamehamishiwa kwengine. Wizara haipiki tena. Imempa zabuni Bwana Seif, naye huleta chakula kwa gari, mchana na jioni. Kamati uliyokuwa ukiiongoza ndiyo inayosimamia mkataba wake. Mimi bado ni katibu. Kiti chako anakikalia afisa kutoka wizarani, kijana mpole, kila kitu huuliza, "Hili limeandikwa wapi?" Chakula chenyewe si kibaya. Pweza wa nazi wa Bwana Seif hata wewe ungemsifu.

Ila kuna jambo nimekaa nalo miezi yote hii nikijiuliza. Sahani. Katika kikao chako cha mwisho ulishikilia kwamba mkataba useme kila mzee apate sahani yake, masinia yaondoke. Tulishangaa. Wewe, uliyekuwa ukikaa mkekani na wanawake ukila nao! Nilikuuliza sababu, ukanijibu, "Andika, Salma. Kuuliza utauliza baadaye." Baadaye yenyewe hukunipa.

Basi tukaandika. Bwana Seif hulipwa kwa sahani, na mkaguzi akija huhesabu sahani. Masinia nikayafungia stoo mwenyewe.

Wa mwanzo kushindwa alikuwa Bi Kazija. Unajua macho yake yalivyokwisha. Kwenye sinia hakuna aliyemlisha, lakini wa kulia kwake humsogezea samaki aliyekwisha kutolewa miba, wa kushoto humwambia, "Mchuzi upo kwako, Kazija, usitupite!" Wanacheka, naye anakula. Kumbe hiyo nayo ilikuwa huduma, na katika mkataba mzima haimo, maana hatukuwahi kujua kuwa ipo. Alipowekewa sahani aliipapasa, akaisukuma. "Nna maradhi gani hata nile peke yangu?" Akawa mtu wa chai tu. Bangili zake zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko.

Wenzake wakafanya lao. Walichukua sinia la vikombe vya chai, wakamimina sahani zote humo, wakamwita. Akala! Akawa anakula kila siku, mpaka mkaguzi alipowakuta, akaandika kwamba huduma haikutolewa inavyopasa. Bwana Seif akaja mbio, jasho linamtoka.

"Mama zangu, mtanivunjia mkataba! Kuleni kwenye sahani, hata kwa kujifanya."

"Mwanangu," Bi Kazija akamwambia, "kushiba kwa kujifanya ndiyo vipi?"

Sinia likaondolewa, naye akarudi kwenye chai yake. Nikaogopa. Nikaomba kamati ikutane.

Kikao kilikuwa leo. Nilikwenda nimejiandaa kusema kwamba ulikosea. Niwie radhi, ndivyo nilivyoamini. Nikipita barazani kwa wanaume, Mzee Faki akaniita.

Nikaitika, "Naam."

"Unakwenda kumtia Zuhura makosani?"

Nikamwambia nnakwenda kurudisha masinia tu. Akautoa mkono wake wa kulia chini ya koti. Ulikuwa unatetemeka kama wa mtu anayechekecha unga. Akaniambia kwenye sinia alikuwa akiwamwagia wenzake wali mapajani, hata mmoja akamtania, "Faki, unakula au unapanda mpunga?" Baraza zima likacheka. Tangu siku hiyo ukiletwa wali yeye akawa anasema, "Nshakula." Wewe uliliona. Hukumuuliza neno. Ulimletea habari tu: "Mzee Faki, serikali imeamua. Sasa kila mtu na sahani yake."

Bi Zuhura, serikali ilikuwa haijaamua kitu! Ulimdanganya kwanza, halafu ukaja kikaoni kuifanya serikali iamue. Nilicheka pale pale barazani, na machozi yakanitoka. Nikamwahidi kwamba sitomtaja kwa mtu. Nakwambia wewe kwa kuwa ulishajua.

Kwa hiyo kikaoni sikusema niliyoyapanga. Nilisema mkataba usilipe kwa sahani. Ulipe kwa kila mzee aliyekula. Afisa akauliza, "Na mkaguzi atajuaje kama wamekula?" Swali zuri. Jawabu lote sikuwa nalo, na mpaka sasa sinalo. Kuhesabu sahani ni rahisi, anaweza hata asiyeingia ndani. Tumekubaliana mkaguzi aje saa ya kula, akae, atazame, azungumze nao. Na wazee wawili, mwanamke na mwanamme, waingie katika kamati. Afisa alisita sana. Mwisho akasema tujaribu, mpaka mkataba utakapofanywa upya.

Nikawasomea kifungu: "Mzee atakula kwenye sinia au kwenye sahani, kwa hiari yake, bila ya kuulizwa sababu."

Akainua macho. "Hayo maneno ya mwisho yameandikwa wapi?"

"Hayajaandikwa popote," nikamwambia. "Ni ya Bi Zuhura."

Akanitazama kidogo, kisha akayaandika.

Jioni nilifungua stoo. Bi Kazija alilipapasa sinia ukingoni, akauzungusha mkono, kama anayemtambua mtu kwa uso. "Nani amekaa kushotoni kwangu?" akauliza, na wote wakaitika kwa pamoja. Upande wa pili wa ua, Mzee Faki alikuwa na sahani yake mapajani, amewapa mgongo. Hakuna aliyemuuliza.

Ningependa kujua mangapi mengine uliyatengeneza kwa mtindo huo, ukatuachia sisi tuyaite kanuni. Pumzika, Bi Zuhura. Mola akupe makazi mema na majirani wema. Nakuahidi kwamba kabla sijafuta neno lako lolote nitakwenda kwanza kukaa mkekani, nitazame linamsitiri nani.

Saa nne u nusu usiku. Nazima taa.

Salma wako