Mke Mwenza Apiga Magoti

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Spana,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na wenzako wa karakana hawajambo. Sisi tupo. Masikio yangu ni yale yale. Miaka ya kugonga bodi za magari kwa nyundo imeniachia nyenje wasionyamaza, ndiyo maana simu namwachia mama yako na mimi nakuandikia.

Nina shida ya kifundi. Lile gari langu la zamani, ambalo mama yako analiita mke mwenza kwa sababu alinikuta nalo na mpaka leo anadai nalipapasa kuliko yeye, wajua nililinyanyua kwa ajili ya mashimo ya barabara yetu. Sasa nyonga inamsumbua mama yako. Hawezi kuinua mguu ukafika mlangoni. Kwenda kliniki tunambeba, mimi na jirani fundi viatu, naye akishushwa hanisemeshi mpaka kesho yake. "Mimi si gunia la mkaa," anasema. Juzi ameapa kwamba hatoki tena humu ndani mpaka aingie garini kwa miguu yake mwenyewe, na mke mwenza ampigie magoti.

Kwa hiyo nalishusha. Nimefikiria kukata springi kwa gesi, pete mbili kila upande. Lakini mimi ni mtu wa bodi, wewe ndiye mtu wa springi, na kuuliza si ujinga. Wasemaje?

Baba yako

Tarehe 18 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye kucha. Barua yako nimeisoma kazini, nikapiga ukelele mpaka bosi akatoka chini ya gari.

Zima hiyo gesi! Springi ikiguswa na moto inalegea, haina kazi tena. Halafu gari likishushwa kwa kukatwa linabaki chini siku zote. Litakwangua tumbo kwenye kila shimo, na Mama atarushwarushwa mpaka aombe kubebwa.

Nakutumia mifuko ya hewa. Inakaa pale pale pa springi. Ukiijaza gari linapanda, ukitoa hewa linashuka mpaka karibu na ardhi. Pampu na swichi vimo humo humo kwenye boksi. Mama ataingia likiwa chini, utabonyeza, mtapanda, mtaondoka. Huku tunawafungia vijana wanaotaka kuringa mitaani. Sijawahi kumfungia mtu mwenye haja nayo.

Sharti ni moja: usipime hewa gari likiwa tupu. Kaeni wote wawili, wewe kwenye usukani na yeye pembeni, ndipo upime. Kila upande lazima ushuke kidogo kwa uzito wa mtu wake.

Kwenye simu Mama ananiambia nyonga ni uzee tu. Ni kweli?

Mwanao, Spana

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Boksi limefika salama, na mke mwenza amekaa juu ya jeki wiki nzima kama mgonjwa wa meno.

Ungemwona mama yako! Nilileta gari mpaka mlangoni, nikabonyeza, likatoa pumzi, likashuka. Fundi viatu aliacha kiatu cha mtu kwenye gundi akaja kutazama. Mama yako akaja na fimbo yake, polepole, kavaa lile gauni la buluu. Akasimama. Akaliambia gari, "Leo umejua mwenye nyumba ni nani." Kisha akageuka, akakaa, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili. Hakuguswa na mtu. Tulizunguka mpaka sokoni na kurudi, na kila tuliyemjua alipungiwa mkono. Nililia, nikasingizia vumbi.

Sasa malalamiko. Mfuko wa upande wa abiria ni mbovu. Nikikaa mimi kwenye usukani, upande wangu unashuka vizuri kama ulivyosema. Mama yako akikaa, upande wake haushuki hata kidogo. Kama hakuna mtu. Nimeufungua na kuufunga tena mara kadhaa, nimehamisha hata mfuko wangu nikaweka kwake, mambo ni yale yale. Waambie waliokuuzia wasitufanye wajinga.

Nyonga usiifikirie sana. Fanya kazi yako.

Baba yako

Tarehe 24 Aprili

Shikamoo Baba,

Sijui kama sijambo.

Mifuko ni mizima. Niliijaribu mwenyewe kabla ya kuifunga kwenye boksi. Mfuko ule ukikaliwa na mtu mzima lazima ushuke. Ukikaliwa na mtoto wa shule unashuka.

Baba, Mama amebaki na uzito gani?

Nimempigia jana. Kacheka, kaniuliza kama nimepata mchumba, kasema amepungua kidogo kwa sababu ameacha sukari. Alikuwa anahema akicheka. Nilidhani ni simu.

Mimi ninayebeba ekseli siwezi kushindwa kubeba habari. Niambie.

Spana

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Nisamehe. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha garini, na upande ukashuka. Nilijua amekonda, nani asijue, mimi ndiye ninayemfunga vifungo. Lakini sikujumlisha. Nilikuwa nalaumu mfuko.

Si nyonga. Ugonjwa ulianzia penginepo, ukafika kwenye nyonga baadaye. Daktari alisema tangu mwaka jana. Mama yako aliniapisha nisikwambie, maana ungeacha kazi uje, na kazi hiyo uliitafuta kwa machozi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema kilio kikija, kije, lakini mtoto asilie kabla ya wakati.

Sasa nimemwambia umejua. Alininunia kidogo, kisha akaniuliza utakuja lini. Nikasema sijui. Akasema siku utakayofika atakuja mwenyewe kukupokea uwanja wa ndege, na atashuka na kupanda bila mtu kumshika, ili uone kazi ya mikono yako. Kila jioni sasa nalileta gari mlangoni anafanya mazoezi. Anaingia, anapumzika, anatoka. Hatuendi popote.

Njoo.

Baba yako

Tarehe 19 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika leo asubuhi, nimetoka kazini hivi hivi na grisi mikononi. Tiketi nimepata ya tarehe mbili Juni, hakuna ya mapema. Mwambie Mama asichoke na mazoezi. Mwambie avae gauni la buluu.

Mwanao

Tarehe 11 Julai

Shikamoo Baba yangu,

Nimefika salama. Chumba changu ni kile kile, hata kikombe nilichokiacha mezani kipo. Nimerudi kazini jana. Hujambo? Unakula? Usiniambie unakula kama hukuli.

Kuna jambo sikuweza kulisema nikiwa huko. Siku ile uwanja wa ndege nilikutafuta kwenye maegesho, nikaliona gari kabla yako. Lilikuwa chini kabisa, na mlango wa abiria uko wazi. Nikakimbia na begi, nikijua Mama yumo. Kumbe ulikuwa peke yako. Ulilishusha tu kwa mazoea, Baba, na simu huisikii, sikulaumu. Lakini nilisimama pale nikijua kabla hujafungua mdomo. Siku nne! Nilichelewa kwa siku nne, na nilipokaa kwenye kile kiti upande ukashuka, nikaona aibu kuwa mzito.

Sitaki kulia tena kwenye karatasi. Naandika kwa ajili ya kazi. Kabla sijaondoka nilisikia mfuko wa upande wake unavuja. Ulipoufungua na kuufunga ukitafuta ubovu, uliikata raba ya kwenye valvu. Nimeweka mpya humu ndani ya bahasha. Ni kazi ya kuvuta sigara moja. Usiache, gari litakuwa linalala chini kila siku.

Mwanao akupendaye, Spana

Tarehe 30 Julai

Mwanangu Spana,

Sijambo. Nakula. Fundi viatu analeta chakula chake hapa, tunakula pamoja, kwa hiyo siwezi kudanganya.

Raba imefika. Nimeiweka kwenye droo ya mama yako, penye miwani yake, na huko itakaa. Usinikasirikie.

Jioni naliegesha gari mbele ya mlango likiwa limesimama sawasawa. Asubuhi nikitoka nalikuta limepiga magoti, upande wake peke yake, pale pale alipokuwa akisimama na fimbo. Najua ni raba. Mimi sijarukwa na akili. Lakini namfungulia mlango. Nasubiri kiasi alichokuwa akisubiri kupanga miguu, maana hakupenda kuharakishwa. Kisha naufunga, nabonyeza swichi, gari linapanda, naenda zangu kununua mkate. Huyu mke mwenza ana adabu kuliko nilivyomdhania, na mwenye nyumba hayupo kuiona.

Uzito wako usiuonee aibu. Kula vizuri huko. Ukija tena utakaa upande ule, nataka nilione likishuka.

Baba yako