Ng'ombe wa Kanada

Jumamosi, Novemba 2006

Sasa siwezi tena kusema ukweli. Ile picha ya mchoraji wa Kanada, ya vilima na ukungu, niliyonunua duka la mitumba hapa ugenini, mtaa wa Alum Rock, nilimwambia Mama Furaha wa kanisani kwamba ni kwetu Masisi. Nilikuwa namtega, maana anajidai kuijua Masisi yote. Ndani yake yumo mnyama wa huko Kanada mwenye pembe pana kama sinia; huyo nilimficha kwa maua ya plastiki.

Leo amekuja kula sombe yangu ya majani ya muhogo, akayasogeza maua.

"Ngombe hii ya nani?"

"Ya baba," nikasema. Ulimi wangu huu.

Akaitazama sana. "Naijua. Ndiyo ilikulaka mahindi yetu. Na baba yako hakuombaka hata msamaha."

Nimeuomba mimi, kwa niaba ya ukoo mzima. Ameondoka na sufuria ya sombe.