Mtani Wangu Uswidi

Zaina, nimechoka. Hata kulia nilishindwa tangu baba aliponipigia kusema bibi kazikwa Mandawa bila mimi.

Wanafunzi wenzangu wageni wamejaa chumbani kwangu, kimya kama wako kwenye mtihani. Mara kaingia Amelia, yule Mmakonde wa Msumbiji. Kajifunika kanga yangu, kajilaza chali sakafuni!

"Sizikwi mpaka Wamwera mniletee kuku!"

Kuku, Zaina! KUKU! Huku Uswidi!

Mjerumani mmoja akamvuta mkono. "Huna adabu? Mwenzio kafiwa!"

Amelia kagoma. "Maiti haiburutwi!"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikalia, nikalia kweli.

Sasa wote wamemnunia. Sina nguvu ya kuwaeleza kwamba mtani msibani kazi yake ndiyo hiyo.

Huyo wanayemnunia ndiye aliyenizikia bibi.