Baba, Lile Shamba la Shule Lilitoka Kinywani Mwangu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Nakuandikia kwa herufi za chuo cha Kurani, zile ulizonilipia, kwa kuwa zile za Wadachi ulizitazama mara moja ukasema zimekaa kama kuni zilizomwagika njiani. Siku ile nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, lakini kicheko chenyewe nikikitafuta sikipati.

Unaukumbuka mwaka mto ulipofurika ukauchukua mpunga wote wa Chumbi? Tulikuwa juu ya kichanja cha dungu, wewe, mama na mimi, tukilinda ndege, na kulipopambazuka hatukuwa tena na cha kulinda. Miaka mingine yote, baada ya mavuno, ulijitwika kapu la mpunga ukampelekea mwalimu wa chuo, kama kila nyumba ilivyofanya kwa kadiri ilivyojaliwa. Mwaka ule ulikwenda na kambale mmoja mkavu. Ulipita pembeni mwa njia kwa haya, nami nyuma yako. Mwalimu akampokea kambale yule kwa mikono miwili, akasema, "Mtoto akae asome. Mto ukirudisha, nawe utarudisha." Mwaka uliofuata ulipeleka makapu mawili, na hakuna aliyekukumbusha.

Nalikumbuka na shamba la mwalimu. Asubuhi moja tu kwa mwaka, wazazi na wanafunzi tulikwenda kumlimia, jua likianza kuwa kali tumemaliza, tunakunywa uji. Wenzio walikutania kwa ulimaji wako wa taratibu, wakakuuliza unalima au unachana nywele. Ukawajibu kwamba shamba la mwalimu halitaki fujo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukulijua.

Nilipofanywa mwalimu wa shule ya serikali, mama aliniambia ulizunguka kijiji kizima ukisalimia watu uliokwisha kuwasalimia. Shule yenyewe ilikuwa ukuta wa udongo na paa linalovuja. Akida alikuja akaniuliza itatunzwaje, maana wakubwa wake Wadachi wa boma walitaka shule bila kuitolea kitu. Nikamsimulia lile shamba la mwalimu wa chuo. Nilisimulia kwa majigambo, baba, kwamba sisi watu wa Rufiji tunajua kuwatunza walimu wetu. Nikamsimulia na habari ya kambale. Alichukua habari ya shamba, ile ya kambale akaiacha.

Mengine unayajua. Jumbe alitangaza shamba la shule, nalo likawa la pamba. Ile asubuhi moja ikawa siku baada ya siku, na uji ukawa kiboko cha askari. Mliitwa kupalilia wakati uleule ambao mpunga unataka mlinzi, madungu yakabaki matupu, ndege wakala mpaka wakachoka. Jioni moja ulirudi mgongo umechanika, ukakaa chini bila kuegemea ukuta. Ukaniuliza shule hii inamfundisha nani, ikiwa mtoto anashinda na njaa. Nilikuwa na jibu, nikanyamaza. Nilikuogopa, na niliogopa zaidi kukuona ukinitazama baada ya kujua.

Kisha yakaja yale maji ya dawa ya kuzuia risasi, ukanywa pamoja na wenzio. Mlipokuwa mnaondoka kwenda kuing'oa pamba, ulinipitia mlangoni ukaniambia, "Nakwenda kung'oa, mwanangu, upate kufundisha watu walioshiba." Hukuwa na hasira. Ulisema kama mtu anayekwenda kumwondolea mwanawe mwiba.

Mlipoing'oa mliliacha jengo la shule bila kulichoma, nasikia wewe ndiwe uliyekataa. Mimi askari walikuwa wamekwisha kunipeleka Kibiti, nikakaa nyuma ya bunduki zao, salama. Mama ndiye aliyekuja kunieleza kwamba maji hayakukukinga na risasi. Alinieleza taratibu, nami nikamuuliza kama amekula. Mpaka leo sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu. Si mgumu, umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Siku hizi mama anachimba mizizi ya ming'oko porini tupate kula. Jumatatu akida alikuja tena. Shule itafunguliwa, shamba la pamba litalimwa upya, na mimi ndimi nitakayelisimamia. Nikikubali, nyumba yetu itapewa mtama. Nikamwambia watu wanalipa kodi tayari, basi sehemu ya kodi hiyo irudi kwenye shule za watoto wao, na ambaye shamba lake limeharibika aachwe mpaka apate. Akanitazama kwa upole.

"Kodi ni kama maji ya mto huu, mwalimu," akasema. "Siku utakayoyaona yanarudi kutoka baharini, niite."

Sikumwambia kwamba kule Maparoni, mto unapoingia baharini, maji hurudi kila siku, bahari ikijaa. Anataka jibu kesho, baada ya swala ya Ijumaa.

Jana nilimweleza mama yote. Aliendelea kumenya ming'oko. Kisha akasema, "Mtama tunauhitaji." Akamenya mwingine. "Lakini kwanza kawaambie na wenzio hayo uliyoniambia."

Basi kesho nitamkatalia akida mbele ya watu, msikitini, kisha nitawaambia lile shamba lilitoka kinywani mwa nani. Wako waliozika watoto kwa njaa ya shamba hilo. Sijui watanifanya nini, wala siwezi kuwaomba wanisamehe kabla yako. Wakiniacha, nitafundisha barazani kwako, na atakayekuwa na kapu atalileta, na asiye nalo atamleta mtoto tu.

Sina mpunga wa kukuletea, baba, wala kambale. Kesho nitapita pembeni mwa njia, kama ulivyopita wewe, ila mimi nakwenda mikono mitupu.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi mwanao uliyemsomesha kwa mpunga